HATI ZA AL-JAR NA BARUA YA MNUNUZI WA MADENI



Ndugu yetu aliyeko Columbus, Ohio, ametuuliza. Amepata barua kutoka kampuni asiyoijua, inamdai deni la zamani la kadi ya benki. Anasema, "Sheikh, hawa sikukopa kwao. Niitupe?" Usiitupe. Ila kwanza tusome historia, maana jambo lenyewe si geni.

Zama za Muawiya (R.A), gavana wa Madina alikuwa Marwan bin al-Hakam. Watu walikuwa wakigawiwa chakula kilichoshushwa bandari ya al-Jar, Bahari ya Shamu. Mtu hapewi gunia, anapewa hati, aende nayo akachukue fungu lake. Watu wakaanza kuuziana hati kabla chakula hakijashikwa wala kupimwa. Abu Huraira (R.A) akamkabili Marwan, akamwambia kwamba amehalalisha riba. Katika Muwatta ya Imam Malik anatajwa Zaid bin Thabit (R.A) na Sahaba mwingine. Marwan akatuma walinzi wazitoe hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Gavana alisikiliza, na si magavana wote husikiliza.

Mafaqihi wakalichambua sana suala la kuuza deni. Wengi walikataa deni kuuzwa kwa mtu wa tatu. Wamaliki waliruhusu kwa masharti mazito: mdaiwa awepo na akiri deni, bei itolewe papo hapo, isiwe pesa kwa pesa za aina ile ile, na mnunuzi asiwe adui wa mdaiwa, asije akanunua deni ili apate kumtesa.

Sasa tazama Marekani. Benki nyingi za akiba zilipoanguka miaka ya 1980, serikali iliunda shirika mwaka 1989 likauza mikopo yao kwa mafungu. Hapo biashara ya kununua madeni ikakua. Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilichunguza kampuni kubwa, na mwaka 2013 ikatoa ripoti: zilinunua kwa wastani wa senti 4 kwa kila dola 1 ya deni. Mafungu mengi yaliuzwa bila nyaraka, na wauzaji hawakudhamini usahihi wa hesabu. Watu walipopinga, kampuni ziliweza kuthibitisha nusu tu na kidogo ya madeni yaliyopingwa. Mdaiwa hayupo, hakukiri, na anayedai hana hata karatasi!

Kwa hiyo, ndugu yangu, sheria ya huko ya mwaka 1977 inakupa siku 30 tangu upate taarifa ya deni. Andika barua, sema unalipinga deni na unataka uthibitisho, uliza na jina la mkopeshaji wa kwanza. Tuma kwa posta yenye stakabadhi, ubaki na nakala. Ukiwahi muda huo, lazima wasimamishe kudai mpaka wakuletee uthibitisho. Mtume (S.A.W) alituwekea kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, basi kuomba ushahidi si ukorofi. Na usitume hata dola 5 kabla ya kujua umri wa deni, kwani katika majimbo mengi malipo madogo huweza kulifufua deni lililokwisha muda wake mahakamani. Ikija hati ya mahakama, hiyo ni kitu kingine: nenda siku uliyoitwa.

Lakini je, likithibitika ni lako? Hapa wengine hawatanipenda. Muda wa mahakama kwisha haukuoshi mbele ya Allah. Zubair bin al-Awwam (R.A) alipouawa aliacha deni la 2,200,000. Mwanawe Abdullah aliuza ardhi akalipa, kisha akakataa kugawa mirathi mpaka atangaze misimu 4 ya hija: mwenye kumdai Zubair na aje. Yeye aliwatafuta wadai, wala hakungoja barua.

Riba waliyoongeza, igombee ipunguzwe. Na rasilimali yenyewe huweza kusamehewa sehemu: Kaab bin Malik na Ibn Abi Hadrad walipopandishiana sauti msikitini juu ya deni, Mtume (S.A.W) alimwashiria Kaab aache nusu, akaacha, kisha mwenzake akaamriwa alipe. Mkipatana nao, makubaliano yaandikwe na uyapokee mkononi kabla hujatoa pesa, kama Suratul Baqara aya ya 282 inavyotuamrisha kuandika.

Wallahu a'alam.