Mtaa wa Kefinco na Fedha za Pampu

Katika mji wa Kakamega uko mtaa uitwao Kefinco. Jina hilo lilitokana na mradi wa maji wa Kenya na Ufini, ulioanza mwaka 1981 katika Mkoa wa Magharibi wa siku zile. Kazi yake kubwa ilikuwa vijijini. Mji ukabaki na jina.

Watu wa huku walikuwa wamekwisha kuzoea kuchanga. Tangu Jomo Kenyatta alipotoa mwito wa Harambee mwaka 1963, walijenga shule na zahanati, hata chuo cha WECO, kilichoasisiwa mwaka 1972, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Walakini mchango wa Harambee hutolewa mchana kweupe, kwa vigelegele, mbele ya mgeni wa heshima. Pampu ya maji haina mgeni wa heshima.

Visima vilichimbwa, vikatiwa pampu za mkono, na chemchemi zikajengewa. Kisha kamati za watumiaji zikatakiwa kukusanya fedha za vipuri. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana aliyetoa na asiyetoa huteka pamoja, na ni nani awezaye kumnyima jirani maji? Pampu ikivunjika, kina mama hurudi mtoni na madebe yao. Kwa maoni yangu, mweka hazina apitaye nyumba kwa nyumba na daftari, akidai shilingi chache, ana kazi nzito kuliko ya mchimbaji. Hakuna mtaa ulioitwa kwa jina lake.