Anayemtuma Mtu Ndiye Amlishe

Historia yetu ya leo inamhusu mtu unayemwona kila siku hapa kambini: jirani yako mwenye kizibao, anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mtoto anayeharisha, au anayesimamia foleni ya maji. Tunasema anajitolea. Lakini yeye anatunzwa na nani? Swali hilo si la jana.

Twende kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Juni 1859. Karibu na Solferino, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria kutwa nzima. Majeruhi kwa maelfu walipelekwa katika mji mdogo wa jirani, Castiglione, wakajaza makanisa na nyumba mpaka wengine wakalazwa barabarani. Siku hizo alikuwa amefika huko Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, mwenye miaka 31. Hakuwa daktari wala askari. Alikuwa anamtafuta mtawala wa Ufaransa kwa ajili ya mambo ya biashara yake.

Akabaki kusaidia. Wanawake wa mji walisafisha vidonda bila kuuliza huyu ni askari wa nani. Watoto wa kiume walichota maji kwa ndoo. Dunant alimtuma dereva wa gari lake la farasi mpaka mji wa Brescia, akanunue mashati, ndimu, sukari, vitambaa vya kufungia vidonda, hata tumbaku.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi huniumiza kila ninaposoma habari hii. Dunant aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1862 kwamba chakula kilikuwepo na maji yalikuwepo, na bado watu walikufa kwa njaa na kiu. Vitambaa vilikuwepo tele, mikono ya kuvifunga haikutosha. Mji haukukosa huruma. Ulikosa mtu wa kusema: wewe kanisa hili, wewe kisima kile, wewe nenda kalale, zamu yako ni saa 12 jioni.

Ndiyo maana kitabu hicho hakikuishia kwenye kilio. Dunant alitaka kila nchi iunde chama wakati wa amani, kabla damu haijamwagika. Wanaojitolea wawe na moyo, wawe wamefundishwa, na wakubwa wa jeshi wawatambue. Aliona pia kwamba wahudumu wa kulipwa mara nyingi huwa wakali au huchoka haraka. Hapo mimi nabishana naye. Mama anayeacha sufuria bila unga ili akapime watoto wa wenzake hawi mkali kwa sababu amepewa posho.

Mwaka 1863 watu watano wa Geneva, yeye akiwa mmojawapo, waliunda kamati. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wakakutanisha wajumbe wa nchi nyingi. Wengi tunakumbuka kwamba hapo ndipo ilipokubaliwa alama ya kitambaa cheupe cha mkononi chenye msalaba mwekundu. Maazimio mengine mawili hatuyasikii sana. La kwanza, kamati zifundishe watu wa kujitolea na kuandaa vifaa wakati wa amani. La pili, kamati inayowapeleka watu hao kwenye jeshi iwape kila wanachohitaji kwa maisha yao. Kwa maneno ya nyumbani: anayemtuma mtu ndiye amlishe.

Miaka zaidi ya 150 baadaye, ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri walipopigwa na Ebola kuanzia 2018 hadi 2020, vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizika marehemu kwa usalama na kwa heshima. Wapo walioshambuliwa na kujeruhiwa na watu walewale waliokwenda kuwasaidia. Kijana wa namna hiyo hawezi kupewa glovu tu na kuambiwa nenda. Afundishwe kuvaa na kuvua nguo za kinga, afundishwe kuongea na familia kabla ya kugusa mwili, na akirudi jioni awepo mtu wa kumsikiliza.

Na hapa kwetu? Wengi wenu mnafanya kazi ya motisha, ambayo haiitwi mshahara hata kama saa zake ni za mshahara. Nimeongea na vijana waliohamasisha usafi masika nzima bila mabuti. Mradi ulipoisha waliarifiwa kwa simu, bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba walifanya kazi. Shirika silitaji. Lakini karatasi hiyo haina gharama kubwa, na kijana akihama au akirudi nyumbani ndiyo shahada yake.

Kwa hiyo kabla hujaweka sahihi, uliza. Nani ananisimamia, na nikiwa na malalamiko nimwone nani? Nikiumia kazini, nani ananipeleka hospitali? Mafunzo ni lini, kabla ya kazi au baada? Nikimaliza nitapata barua?

Na ninyi waratibu mnaotusikiliza ofisini, studio yetu iko wazi. Wiki ijayo tumewatengea dakika 20 mjibu maswali hayo manne, na wanaojitolea watakuwa upande wa pili wa meza.