Mfyatuo wa Pazia la Kinga ya Moto

Katika majumba makubwa ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, nyuma tu ya fremu ya jukwaa, huning'inia pazia zito lenye kazi moja. Moto ukizuka jukwaani, lishuke upesi lizibe uwazi wote unaotazamana na ukumbi, ili moshi na ndimi za moto zisiwafikie watazamaji kabla hawajatoka. Ukumbi wa Drury Lane mjini London ulikuwa na pazia la namna hiyo, la chuma, tangu mwaka 1794.

Tuliiteje kwa Kiswahili? "Pazia la moto" ndilo jina linalokuja haraka, nalo halifai, kwa kuwa msikilizaji anaona pazia linalowaka. "Pazia la chuma" limekwisha kuchukuliwa na siasa za Vita Baridi, ingawa taswira hiyo yenyewe ilitoka kwenye kumbi hizi. Tena mapazia mengi ya leo si ya chuma, ni ya kitambaa cha nyuzi za kioo. Mimi naandika "pazia la kinga ya moto", na sioni haja ya kubishana zaidi.

Kazi iko kwenye mfumo unaoliachia pazia lishuke. "Mfumo wa kuachilia" haunitoshelezi. Huachiliwa mfungwa, huachiliwa deni. Neno hilo halibebi nguvu iliyobanwa ikisubiri. Kiswahili kina neno linaloibeba, fyatua, nalo ni la mtego. Na pazia hili ni mtego hasa. Upande wa pili wa makapi yanayopitisha nyaya zake kuna vyuma vya kusawazisha, lakini uzito wa vyuma hivyo hupangwa uwe pungufu kidogo kuliko wa pazia, hivyo pazia linataka kushuka muda wote. Linalolizuia ni kamba iliyokazwa kuizunguka fremu ya jukwaa. Ndani ya kamba hiyo kuna viungo vidogo vya bati mbili zilizoshikanishwa kwa lehemu laini, ambayo mara nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 74 za Selsiasi. Kiungo kikiachia, kamba inalegea, pazia linashuka kwa uzito wake lenyewe, bila umeme. Pembeni mwa jukwaa huwekwa pia kisu au mpini, ili mtu aweze kuikata au kuilegeza kamba kwa mkono.

Kwa hiyo napendekeza "mfyatuo" kwa mfumo mzima. Faida yake kubwa ni kwamba sarufi inatugawia ukaguzi sehemu mbili: pazia lazima liweze kufyatuliwa na mtu, na lazima liweze kufyatuka lenyewe kwa joto.

Tofauti kati ya mfyatuo uliokamilika na ule usiokamilika imekwisha kuhesabiwa kwa roho za watu. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, pazia lilikwama njiani kabla ya kufika sakafuni. Walikufa watu 602. Mwaka 1911, moto ulipozuka jukwaani kwenye ukumbi wa Empire Palace mjini Edinburgh, pazia lilishuka. Watazamaji wapatao 3,000 walitoka salama, na waliopoteza maisha walikuwa nyuma ya pazia, upande wa jukwaa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kulishusha pazia kwa mota si kulijaribu. Mota inaweza kuliteremsha vizuri kila wiki huku kamba ya mfyatuo imenasa kwenye pete yake yenye kutu. Jaribio la kweli ni kufyatua, kisha kutazama saa. Kiwango cha Marekani, NFPA 80, kinataka uwazi wote uzibwe ndani ya sekunde 30, lakini takriban mita mbili na nusu za mwisho zisichukue chini ya sekunde 5, maana huenda mwigizaji amesimama chini yake. Breki ya mafuta ndiyo inayopunguza mwendo huo, hivyo mkaguzi huitazama kama inavuja.

Halafu huja macho na vidole: nyuzi zilizokatika kwenye waya, makapi yaliyokauka grisi, reli za pembeni zilizopinda. Viungo vya kuyeyuka vilivyopakwa rangi pamoja na ukuta hubadilishwa bila mjadala, kwa sababu rangi huchelewesha joto na huweza kuzishika bati zisiachane. Mkaguzi huuliza pia kama kuna aliyeongeza vyuma vya kusawazisha ili pazia liwe jepesi kupandisha. Pazia jepesi kupita kiasi halishuki. Sakafuni, mstari wa kushukia huwekewa alama, na piano, ngazi au nyaya za taa hazikai juu yake hata kwa onyesho la usiku mmoja.

Jaribio likiisha, mfyatuo hutegwa upya. Neno ni hilo hilo la mtego, kutega. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hufunga waya wa kawaida mahali pa kiungo kilichoharibika, ili pazia likae juu mpaka kipuri kifike. Kwenye daftari la ukaguzi, pazia la namna hiyo liandikwe kuwa halijategwa, na onyesho la jioni lisubiri.