Spana ya Jackie Stewart

Kiswahili kina jina lake kwa mbio za Formula One: Langalanga. Jina hilo ni la mahali pia, karibu na Gilgil nchini Kenya, ambako miaka ya 1950 watu walikuwa wakishindanisha magari. Kwa hiyo kila mtangazaji wetu anapomtaja Max Verstappen katika habari za Langalanga, anaigusa zamani hata kama hakukusudia.

Wapenzi wa mbio hizi wana ubishi mmoja usiokwisha. Wa upande huu wanasema ya kale ni dhahabu: zamani kulikuwa na wanaume, leo kuna watoto wanaoendesha kompyuta. Wa upande ule wanajibu kwamba magari ya leo ni ya kasi zaidi, madereva ni wanariadha kamili, na kipya kinyemi. Methali yenyewe hawaimalizii: ingawa kidonda. Mimi nimeufuata ubishi huu muda mrefu, na naona pande zote mbili zinapima kitu kimoja, yaani ujasiri, kwa mizani moja, yaani kifo. Mizani hiyo ndiyo nataka kuikagua.

Tuanze na karata kubwa ya wazee. Tarehe 4 Agosti 1957, Nürburgring, Ujerumani. Njia ya mbio ina urefu wa karibu kilomita 23 kwa mzunguko mmoja, inapanda na kushuka msituni, kona juu ya kona. Juan Manuel Fangio wa Argentina, mwenye umri wa miaka 46, anaendesha Maserati. Amepanga kusimama mara moja kuongeza petroli na kubadili matairi, ilhali vijana wawili wa Ferrari, Mike Hawthorn na Peter Collins, wamejaza matangi ili wasisimame kabisa. Fangio anaongoza, anasimama, mafundi wanachelewa, na anaporudi barabarani yuko nyuma kwa zaidi ya nusu dakika. Kilichofuata bado kinasimuliwa. Alivunja rekodi ya mzunguko, akaivunja tena, na tena, mpaka akawapita wote wawili mzunguko mmoja kabla ya mwisho. Alishinda kwa sekunde tatu na ushee, na mwaka ule akatwaa ubingwa wake wa tano. Hakushinda tena mbio za ubingwa wa dunia.

Ni kisa kitamu, na hakuna cha kukipunguza. Ila wasimuliaji wengi hukomea hapo, kwenye bendera. Ukiendelea na kalenda, mambo yanabadilika. Tarehe 3 Agosti 1958, siku moja tu kabla mwaka haujatimia, Collins alipata ajali iliyomuua kwenye njia ileile ya Nürburgring. Hawthorn akawa bingwa mwaka huo, akastaafu, na Januari 1959 akafa katika ajali ya barabarani Uingereza. Fangio aliishi hadi 1995. Katika watu watatu wa kisa hiki, ni mmoja tu aliyezeeka. Zamani tunayoipenda tumesimuliwa na waliobaki, na waliobaki walikuwa wachache.

Tena waliolipa hawakuwa madereva peke yao. Monza, Italia, mwaka 1961, gari la Wolfgang von Trips liliruka na kuua watazamaji 15 pamoja naye. Na Kyalami, Afrika Kusini, tarehe 5 Machi 1977, kijana wa miaka 19, Frederik Jansen van Vuuren, mmoja wa wasimamizi wa njia, alikimbia kukatisha barabara akiwa amebeba mtungi wa kuzimia moto. Gari la Tom Pryce lilimgonga kwa kasi ya kutisha. Mtungi ukampiga Pryce kichwani, wakafa wote wawili. Ukimwambia mama wa kijana yule kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ladha ya mchezo, sijui utalitazama wapi jicho lake.

Sasa tuje kwa mtu ambaye wazee wa ubishi huu hawapendi sana kumtaja, ingawa ni wa zama zao. Juni 1966, Spa, Ubelgiji. Enzi hizo Spa ilikuwa njia ya kilomita 14 iliyopita kwenye barabara za kawaida, kati ya nyumba, nguzo na mashamba. Mzunguko wa kwanza tu mvua ikawakuta madereva mbele. Magari yalitoka barabarani moja baada ya jingine, na la Jackie Stewart, Mskoti, likaishia kwenye jengo la shambani. Gari lilimbana, usukani ukamzuia kutoka, petroli ikawa inamlowanisha mwili. Cheche moja tu ingetosha. Hapakuwa na daktari wala kikosi cha uokoaji. Waliomtoa ni madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wameteleza hapohapo, na walilazimika kuazima spana kwa mtazamaji ili waufungue usukani.

Baada ya siku ile Stewart alifanya jambo dogo ambalo kwangu lina maana kuliko makombe mengi: aliibandika spana kwenye gari lake karibu na usukani, akaenda nayo kwenye mbio. Kama waandaaji hawana habari, basi mwenyewe ataibeba. Kisha akaanza kupiga kelele. Alidai mikanda, alidai vizuizi imara kandokando ya njia, alidai madaktari. Mwaka 1969 mbio za Spa hazikufanyika kwa sababu madereva waligoma, na mwaka 1970 mbio za Ujerumani zilihamishwa kutoka Nürburgring hadi Hockenheim. Wapo waliomwita mwoga, eti anaua utamu wa mchezo.

Mwoga gani huyo? Mwaka 1968, Nürburgring ileile, katika ukungu na mvua, huku kifundo cha mkono kikiwa kimeumia, Stewart alishinda kwa zaidi ya dakika nne. Alichukua ubingwa 1969, 1971 na 1973. Oktoba 1973, akiwa ameshapanga kustaafu baada ya mbio zake za 100 huko Watkins Glen, Marekani, mwenzake wa timu, François Cevert, alikufa wakati wa kuwania nafasi za kuanzia. Timu ikajitoa. Stewart akabaki na mbio 99.

Hapa ndipo hoja ya dhahabu inapopasuka. Usalama haukuletwa na watoto wa kompyuta. Umedaiwa na watu wa zamani wenyewe, wakiwa bado wananuka petroli. Anayeisifu zamani na kuucheka usalama anamsikiliza Fangio tu, na Stewart anamziba mdomo.

Tena madai yale yalizaa matunda yanayohesabika. Mwaka 1978, baada ya Ronnie Peterson kufariki kutokana na ajali ya Monza, daktari Sid Watkins alisisitiza gari la daktari liwafuate madereva katika mzunguko wa kwanza. Miaka 42 baadaye, Novemba 2020 huko Bahrain, gari la Romain Grosjean lilijikita kwenye ukuta wa chuma katika mzunguko wa kwanza, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Gari la daktari lilikuwa nyuma yao, na daktari akafika wakati Grosjean bado yumo ndani ya ndimi za moto. Alitoka mwenyewe baada ya sekunde kama 28, mikono imeungua, roho imo. Kichwa chake kilikingwa na halo, ile fremu iliyowekwa juu ya kiti cha dereva mwaka 2018, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipinga hadharani. Moto ule ungekuwa wa mwaka 1966, tungekuwa na jina jingine la kuliombolezea.

Haya, tuwape na vijana haki yao, tena kwa tarakimu. Wanaodai kwamba zamani kila mbio zilikuwa za kukaba pumzi wakumbuke zile dakika nne za Stewart. Wakumbuke pia kuwa McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16 mwaka 1988, kama vile Red Bull ilivyoshinda 21 kati ya 22 mwaka 2023. Uchovu wa kuona mshindi mmoja si ugonjwa mpya.

Lakini sitaki kuwapa vijana ushindi wote, maana wazee wana jambo wanalolililia kwa haki, ila wanalikosea jina. Turudi mwaka 1976. Niki Lauda aliungua vibaya Nürburgring tarehe 1 Agosti; wiki sita baadaye alikuwa Monza akimaliza wa nne, majeraha hayajapona. Mbio za mwisho zilikuwa Fuji, Japani, katika mvua kubwa, naye akiongoza kwa pointi tatu. Baada ya mizunguko miwili aliingiza gari ndani na kushuka. Alisema inatosha. Ubingwa ukaenda kwa James Hunt kwa tofauti ya pointi moja.

Mimi naona ule ni ujasiri mkubwa kuliko kukanyaga mafuta. Uamuzi ulikuwa wake, hasara ikawa yake, na hakuna sauti sikioni iliyomwambia afanye nini.

Linganisha na Spa ya Agosti 2021, njia fupi zaidi lakini milima ileile ya Stewart. Watazamaji walilowana kwa saa kadhaa, magari yakazunguka nyuma ya gari la usalama, kisha matokeo yakatangazwa na nusu ya pointi zikagawiwa bila mtu kumpita mtu. Kutoshindana katika mvua ile kulikuwa sahihi. Kilichouma ni kwamba uamuzi wote ulikuwa mezani kwa wasimamizi, na dereva alikuwa kama abiria. Desemba mwaka huohuo, Abu Dhabi, ubingwa kati ya Lewis Hamilton na Verstappen uliamuliwa katika mzunguko wa mwisho, baada ya msimamizi wa mbio kuamua ni magari gani yaruhusiwe kulipita gari la usalama. Siku hizi dereva ana usukani uliojaa vitufe, ana redio, na wahandisi wanaomhesabia matairi na mafuta yake. Mwaka 2016 walijaribu kubana maelekezo ya redio ili dereva ajitegemee; katikati ya msimu wakalegeza.

Kwa maoni yangu tunalilia upweke wa dereva huku tukidhani tunalilia hatari. Vitu hivi viwili vilikuja pamoja miaka ya 1950, vikazikwa pamoja kwenye kumbukumbu, lakini si pacha walioungana. Unaweza kuiondoa redio bila kuondoa halo. Unaweza kumwachia mtu ahesabu matairi yake mwenyewe na bado ukamwekea daktari nyuma yake.

Wanaotaka zamani irudi waseme wazi wanataka ipi. Kama ni ile ya kijana wa miaka 19 anayekatisha barabara na mtungi mkononi, mimi simo. Kama ni ile ya Lauda kwenye mvua ya Fuji, akijipimia mwenyewe na kubeba matokeo, nipo. Na hata hiyo ikirudi, spana ya Stewart ibaki kwenye gari.