Mlo wa Ufukweni: Samaki na Wageni wa Mwambao wa Nyasa

Mtu akiuliza Kihagara, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ni wapi anapopatikana samaki mzuri wa kula, ataelekezwa kwanza ufukweni, kwenye mitumbwi, kabla ya kutajiwa hoteli yoyote. Utaratibu huo una historia ndefu, nayo inaanzia kwenye maji yenyewe.

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi pale lilipozama zaidi, lakini samaki hawalitumii lote. Ukishapita mita 200 na ushei kwenda chini, maji hayana oksijeni. Kwa hiyo mamia ya aina za samaki wanaishi kwenye tabaka la juu, na wengi wao wako karibu na nchi kavu, kwenye miamba na ghuba za mchanga. Mwenyeji wa mwambao, Mpoto au Mnyasa, mwenye mtumbwi wa gogo moja hakulazimika kwenda mbali ili apate kitoweo. Kazi ilikuwa kukihifadhi. Samaki akitoka majini asubuhi, kufika jioni ameshaharibika, ndiyo maana mwambao wote ulijifunza kukausha: dagaa wakianikwa juani, wakubwa wakipasuliwa na kubanikwa kwa moshi.

Waliomngoja samaki huyo mkavu walikuwa milimani. Wamatengo, kwa kilimo chao cha ngoro, cha kuchimba vishimo kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo, walikuwa na nafaka na maharage ya kutosha. Samaki walipanda mlima vichwani mwa watu, chakula cha shamba kikashuka kwa njia ileile. Biashara ya samaki ilikuwepo, basi, lakini mlo wenyewe haukuwa bidhaa. Mgeni aliyefika kijijini na njaa alipewa ugali na mboga kwa sababu ni mgeni.

David Livingstone, aliyelifikia ziwa hili Septemba 1859, aliona pia chakula kilichotoka hewani. Ni nkungu, vijidudu wanaopanda kutoka ziwani kwa wingi hata ukadhani ni moshi. Watu waliwakusanya, wakawafinyanga na kuwapika kama mikate. Livingstone alionja, akalinganisha ladha yake na mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi.

Mgeni aliyekaa muda mrefu alikuwa William Percival Johnson, padri Mwingereza wa misheni ya UMCA. Alifika Afrika mwaka 1876, akaitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye vijiji vya mwambao huu, kwa miguu na kwa meli ndogo za misheni, hata macho yake yalipokuwa yamedhoofika. Alifariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapohapo. Mtu wa namna hiyo hakuwa na hoteli ya kumlisha. Maisha yake yote ya safari yalisimama juu ya ukarimu wa wenyeji, na naona historia ya misheni imeusahau mno ukarimu huo.

Liuli hiyohiyo, Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba ulioko bandarini, unaofanana na sanamu ya Sphinx. Huko ndiko meli yao Hermann von Wissmann ilikokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, Agosti 1914, pale Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, alipofika na kuifyatulia mzinga. Nahodha Mjerumani alitoka kwa hasira kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Wawili hao walikuwa wamezoea kukaa na kunywa pamoja, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia Mjerumani huyo.

Meli ndizo zilizozaa mlo wa kuuza. Baada ya uhuru, MV Songea na MV Iringa zilisafiri kutoka Itungi, Kyela, hadi Mbamba Bay, zikipitia vituo kama Manda na Liuli. Vituo vingi havikuwa na gati: meli inatia nanga nje, mitumbwi inaifuata, abiria wanashuka na mizigo. Ratiba haikuaminika, na abiria anayesubiri chombo lazima ale. Palipo na watu wanaosubiri, mama ntilie naye huweka mafiga.

Sahani ya huku inafaa kuangaliwa kwa karibu. Ugali ni wa muhogo, unavutika, na mkono usiouzoea utahangaika nao. Mbasa, samaki mrefu mwenye magamba ya fedha, hukatwa vipande na kuchemshwa na nyanya na kitunguu. Nyama yake ni tamu sana, ila ina miba mingi myembamba, hivyo anayemla hanyanyui kichwa kuzungumza. Dagaa ni salama zaidi kwa mgeni, lakini uliza walianikwa wapi: waliokaushwa juu ya kichanja ni safi, walioanikwa chini hukwaruza meno kwa mchanga.

Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imeubadilisha mwambao kuliko meli yoyote. Samaki wabichi waliowekwa kwenye barafu sasa wanafika Mbinga na Songea siku ileile, na mara nyingi wale wazuri huondoka alfajiri kabla mgeni hajaamka. Anayetaka mlo mzuri awahi kwenye mitumbwi, anunue mwenyewe, kisha ampelekee mama ntilie ampikie.

Mvua zikianza, mbasa huacha ziwa na kupanda mito, Ruhuhu ukiwa mmojawapo mkubwa, ili akatage mayai. Hapo ndipo nyavu humngojea mdomoni mwa mto, na wataalamu wa uhifadhi tayari wanamhesabu miongoni mwa samaki walio hatarini. Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay, wageni wataongezeka, na wote watakuwa wamesikia sifa za mbasa. Kuanzia mvua za kwanza hadi zitakapokatika, mimi naagiza dagaa.