Kabureta, vumbi na msamiati wa mafundi

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili anakusanya msamiati wa mafundi wa pikipiki katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo sisi wa rika la zamani hadi leo twaiita Grogan. Majuzi aliniletea orodha ndefu, na lalamiko. Fundi mmoja anasema ukikaza skrubu ya kabureta, petroli inazidi. Mwenzake anaapa kwamba inapungua. Kijana alitaka kuandika kwamba mmoja wao hajui kazi. Nilimzuia. Wote wawili wanasema kweli, na asiyejua historia ya chombo chenyewe atawatungia watu kamusi ya kuharibu injini.

Hewa ikipita mahali pembamba huongeza kasi, na shinikizo lake hupungua. Jambo hilo Mtaliano Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797. Karibu karne moja baadaye, 1893, Wilhelm Maybach wa Ujerumani alilitumia kufyonza petroli kupitia tundu dogo na kuigeuza manyunyu ndani ya mkondo wa hewa. Mwaka huo huo Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria nao walikuwa na kabureta yao. Nani alimtangulia mwenzake, hilo nawaachia wenyewe.

Kwa pikipiki kuukuu, mji wa kutazama ni Birmingham, Uingereza. Mwaka 1927 makampuni matatu yaliyokuwa yakishindana, yaani Amac, Brown & Barlow na Binks, yaliungana na kuzaa Amal. BSA, Triumph na Norton zilizokuja kutamba zilivuta pumzi kupitia Amal, zikiwamo ile ya Monobloc ya miaka ya 1950, kisha Concentric iliyotoka 1967. Ndani yake mna boya (vijana, msicheke) linalodhibiti kiasi cha petroli, jeti kubwa, jeti ndogo, na kizibo kinachopanda na kushuka kikiwa kimebeba sindano.

Amal waliwafundisha wateja wao kutuni kwa utaratibu maalumu, na walisisitiza usivurugwe. Kwanza jeti kubwa, pikipiki ikiwa imefunguliwa moto wote. Pili jeti ndogo na skrubu yake, injini ikinguruma polepole. Tatu mkato ulio chini ya kizibo, unaotawala mwanzo wa kufungua moto. Nne kimo cha sindano, kinachotawala katikati. Halafu unairudia ile jeti ndogo. Wengi siku hizi huanza na skrubu na kuishia hapo hapo, ndiyo maana pikipiki inanguruma vizuri gereji lakini inakohoa mlimani.

Sasa ile skrubu. Katika Amal, skrubu hiyo hutawala hewa: ukiikaza, hewa inapungua na petroli inatawala. Kampuni ya Mikuni ya Japani ilitengeneza kabureta kwa leseni ya Amal, kwa hiyo nyingi za ukoo huo zina tabia hiyo hiyo. Lakini kuna kabureta nyingine ambazo skrubu yake iko upande wa injini, nayo hupitisha mchanganyiko wenye petroli tayari. Hiyo ukiikaza, petroli inapungua. Kwa kawaida iliyo upande wa chujio ni ya hewa, iliyo upande wa injini ni ya petroli. Mafundi wetu wawili walijifunzia kazi kwenye pikipiki tofauti, basi.

Nimependa pia wanavyousema mchanganyiko wenyewe. Mwingereza huuita wenye petroli nyingi “tajiri”, na wenye petroli haba “dhaifu”. Mmarekani husema “uliokonda”. Baadhi ya wanafunzi wangu wametafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno, na sentensi zao zinachekesha. Mtu aliyewahi kukoroga uji hahitaji utajiri hapa: mchanganyiko ni mzito au ni mwepesi. Mzito huacha masizi meusi kwenye plagi. Mwepesi huifanya plagi iwe nyeupe na injini ichemke hadi pistoni itobolewe. Rangi njema ni ya hudhurungi.

Hapo ndipo chujio linapoingia, na ndipo historia yetu inapotofautiana na ya Birmingham. Uingereza ni nchi ya mvua. Pikipiki zao nyingi za zamani ziliuzwa mdomo wa kabureta ukiwa wazi, chujio likiwa nyongeza ya kununuliwa kando. Kwa barabara zetu za murram mdomo wazi ni maangamizi, maana vumbi husaga silinda na ringi kama tupa. Lakini ukifunga chujio umezuia hewa, na mchanganyiko unakuwa mzito. Jeti kubwa yapaswa kupunguzwa. Ukilitoa chujio bila kubadilisha jeti, unakuwa mwepesi. Amal walitahadharisha juu ya hilo waziwazi. Mwinuko nao una neno: waliagiza jeti ipunguzwe kama asilimia 5 kati ya futi 3,000 na 6,000, na zaidi ukizidi kupanda. Nairobi imo katika kipimo hicho. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, imekipita mbali.

Kuchagua, basi. Chujio la karatasi huchuja vyema, ila halioshwi; likijaa hutupwa. La pamba iliyopakwa mafuta, lililopata umaarufu kupitia kampuni ya K&N iliyoanzishwa California mwaka 1969, huoshwa na kupakwa mafuta upya; ukiyazidisha unaziba hewa. La sponji ndilo ningemshauri mwenye Triumph kuukuu anayepita njia za vumbi, mradi iwe sponji ya kazi hiyo na ipakwe mafuta yake. Katika orodha ya mwanafunzi wangu limo neno “godoro”, maana yake kipande cha godoro kilichokatwa kwa kisu na kushindiliwa mahali pa chujio. Sponji ya namna hiyo hailingani na petroli. Hulainika, ikamegeka, na vipande vikafyonzwa na kabureta. Neno nimemwambia aliandike, na mbele yake aeleze hayo.