Kipimajoto na Siri ya Berma

Wanaokuja kununua vifaranga kwangu hapa Morogoro huiona mashine yangu ya kutotolesha kuwa kitu cha juzi. Ni sanduku la mbao lenye globu, feni ndogo na beseni la maji. Huwaambia kazi hii ilifanyika kabla ya umeme, tena kwa mayai maelfu kwa mkupuo.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba Misri mayai huanguliwa kwa kufukiwa kwenye samadi. Baadaye Wamisri walijenga matanuri ya matofali ya udongo: ushoroba katikati, na kila upande vyumba vya chini na vya juu. Mayai yalilazwa chini. Juu yake, moto wa samadi kavu na mabua ulifukuta polepole. Mhudumu alipenya kwenye tundu, akayageuza mayai kwa mkono, akayahamisha yaliyopata joto kupita kiasi. Kipimo chake kilikuwa kope: aliligusisha yai kwenye jicho lililofumbwa. Mwanakijiji alileta mayai matatu akarudishiwa vifaranga wawili, maana viza na ujira vilishapigiwa hesabu.

Nimeijaribu kope. Hukuambia yai limepoa au limechemka. Haikuambii kama ni nyuzi 37.5 au 39, na kukaa siku kadhaa kwenye hiyo 39 kunatosha kuua vifaranga ndani ya ganda. Kuijua tofauti hiyo kwa ngozi kunataka miaka mingi tanurini, tena chini ya mtu aliyekwisha kuijua. Ndiyo sababu wasafiri wa Ulaya wa karne ya 18 walikuta ujuzi umeshikwa na watu wa Berma, kijiji cha Delta ya Nile, baba akimrithisha mwana.

Aliyeivunja siri hiyo ni Mfaransa, Réaumur, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1749. Alikuwa na kipimajoto cha kwake mwenyewe, na alikuta kuku anayeatamia ana nyuzi 32 kwa kipimo hicho. Akafukia mapipa katika samadi mbichi ya farasi, akatia mayai na kipimajoto ndani yake. Kuanzia hapo, mtu asiyezaliwa Berma aliweza kusoma namba na kufuata.

Ilibaki kazi ya kulituliza joto bila mtu wa kulilinda usiku kucha. Mwaka 1881, London, Charles Hearson alitengeneza kidonge cha chuma chenye kimiminika: joto likizidi, kidonge kinavimba na kuinua kifuniko, joto linatoka. Petaluma, California, mashine iliyoanzishwa na Lyman Byce na Isaac Dias mwaka 1879 iliufanya mji ule uitwe kapu la mayai la dunia.

Kwa hiyo jirani akiniuliza anunue mashine gani, huanza na kipimajoto. Cha mashine nyingi za bei nafuu hudanganya nyuzi moja au mbili, na mwenye mashine huja kumlaumu jogoo kwa mayai viza. Nunua cha pili, kiweke usawa wa mayai, ulinganishe kabla ya kupakia trei. Sanduku lenyewe hata fundi seremala wa mtaani atakutengenezea.